Kiatu cha Dada

Setaleki alifika langoni kwake akipiga mluzi, ana furaha zake, na hapo ndipo mkewe alipopiga yowe lililotawanya kuku uwanja mzima.

"Baba Latai! Umevaa nini mguuni?"

"Ndala," akasema Setaleki. "Kwani watu huvaa nini?"

"Hebu tazama chini, mwanamume wewe!"

Akatazama chini. Mguu wa kushoto aliona kitu cha bluu, na hicho alikijua. Ni ndala yake, ile aliyoifunga kwa waya kamba ilipokatika. Mguu wa kulia aliona kitu cheusi. Akakaza macho. Siku hizi macho yalimletea mambo kama kupitia kioo chenye mvuke, na yeye siku zote alilaumu jua. Akainama zaidi. Kilikuwa kiatu cheusi, kipana, chenye soli nene na mikanda miwili ya kubandika. Kiatu cha mwanamke. Na si mwanamke yeyote tu.

"Mungu wangu," akasema Setaleki, akaketi palepale kwenye changarawe. "Cha dada."

Sasa, Setaleki alipokuwa mtoto mdogo aliwahi kuchukua kitana cha dada yake Kalolaine akachania mkia wa farasi. Baba yake alimcharaza bakora mpaka farasi mwenyewe akaona huruma, na kosa halikuwa mkia, lilikuwa kitana. Kitu cha dada hakiguswi. Kitanda chake hukikalii, mto wake huulalii, na chumba alichomo huingii na upuuzi mdomoni. Huyu tena hakuwa dada hivihivi. Kalolaine ndiye dada mkubwa, shangazi wa watoto wote wa Setaleki, akisema kaeni, ukoo mzima unakaa, akisema simameni, hata wagonjwa wanasimama. Na Setaleki, mtu mzima mwenye mvi, ametia unyayo wake ndani ya kiatu cha mtu huyo na kukitembeza kijiji kizima.

"Na nimempungia mkono mchungaji!" akalia. "Nimesimama naye nikamweleza habari za harusi!"

"Lakini hukuhisi?" mkewe Fusi akauliza. "Kiatu kizito namna hii, hukuhisi?"

"Ningehisije? Tumekaa kwa dada kwenye kava tangu mchana, miguu imekunjwa. Imekufa ganzi. Kamuulize binamu Kitione, na yake ilikufa."

Hiyo ilikuwa kweli, ndiyo maana ulikuwa uongo mzuri. Hakuna mwanamume pale kijijini anayeinuka kwenye bakuli la kava, kile kinywaji cha mizizi, bila kuchechemea. Ila miguu ya Kitione hufufuka kabla hajamaliza ngazi. Ya Setaleki ilikuwa haijafufuka tangu mwaka juzi. Kwanza ilimchoma kama aliyekanyaga siafu, kisha ikawaka moto, halafu siku moja ikanyamaza kabisa. Setaleki alifurahi sana siku ile. Alidhani amepona.

Fusi alipiga magoti akafungua ile mikanda. Setaleki alimwona akivuta, lakini aliona tu, hakuhisi, kama vile anavutwa mguu wa jirani. Kiatu kilipotoka, Fusi aliuinua mguu akauchungulia chini.

"Nini?" akauliza Setaleki.

"Kuna jiwe."

"Kwenye kiatu?"

"Lilikuwa kwenye kiatu. Sasa liko kwenye mguu."

Kipande cha tumbawe, cha yale mawe meupe ya njiani, kilikuwa kimezama chini ya kidole gumba, na soli ya ndani imelowa damu. Mtu mwingine angepiga kelele hatua ya kwanza. Setaleki alikuwa ametembea juu ya jiwe lile toka nyumba ya dada yake hadi kwake, tena kwa mluzi.

"Inuka twende kliniki," akasema Fusi.

"Kliniki! Mama Latai, huoni? Damu! Nimetia damu kwenye kiatu cha dada!"

"Naona damu. Naona na shimo ilikotoka."

"Shimo litaziba. Kiatu je?"

Ndivyo alivyokuwa. Setaleki alijulikana ana sukari tangu Latai yuko shule ya msingi. Alipewa vidonge akavimeza kila alipovikumbuka, na alivikumbuka kila alipoumwa. Chai yake kijiko kilikaribia kusimama chenyewe. Fusi alisema mpaka akachoka, akapumzika, akaanza tena. Lakini kliniki Setaleki aliiogopa kuliko kuzimu, na sababu yake aliitoa kwa kila aliyemuuliza: binamu yake mwingine aliingia kule na kidole akatoka bila goti.

Na safari hii alikuwa na sababu nyingine aliyoiweka moyoni. Latai, bintiye wa pekee, anaolewa kabla ya Krismasi. Siku hiyo atacheza ngoma ya bibi harusi, amepakwa mafuta, mikono inaelea taratibu, na nyuma yake lazima atokee mtu wa kuruka na kuchizika ili utulivu wake uonekane. Mtu huyo, katika kila harusi ya upande ule wa Vava'u, huko visiwa vya Tonga, alikuwa Setaleki. Amewarukia mabibi harusi wa watu maisha yake yote. Ameanguka kwa makusudi mbele ya maaskofu. Leo zamu ya mtoto wake mwenyewe imefika, halafu aende wakamkate mguu? Hapana. Hilo hapana.

Basi jiwe likang'olewa nyumbani, shimo likapakwa majani yaliyopondwa, likafungwa kitambaa. Kiatu Fusi alikiosha kwa sabuni, akakianika kivulini, akakifunga ndani ya shuka jipya. Wote wawili walikistaajabia. Kilikuwa kizito, na ndani kimewekewa sponji.

"Mitindo ya Auckland," akasema Setaleki. "Mwanawe atakuwa amemletea."

"Mitindo gani hii? Hata nyanya yangu angekikataa," akasema Fusi.

Siku zilivyopita, mguu ukavimba. Haukuuma hata kidogo, na Setaleki akaitoa hiyo kuwa ushahidi kwamba si kitu. Lakini ulianza kunuka. Mbwa akawa anamfuata kila aendako, akimtazama kwa mapenzi ambayo hakuwahi kuwa nayo. Kitione alipokuja kumtazama aliketi, akavuta pumzi, kisha akahamia upande upepo unakotoka.

"Bwana," akasema Kitione, "hiki si kidonda cha jiwe."

"Ndiyo nilivyokuwa nawaza."

"Kidonda cha jiwe kinapona. Hiki ni cha dada. Umemkosea, na mwili unajua."

Setaleki akatikisa kichwa polepole kukubali. Mambo yote yakamkalia sawa. Amevaa kiatu cha dada, kiatu kimemla mguu. Dawa yake si sindano, dawa yake ni toba. Akajiona mjinga kutofikiri mapema, na kusema kweli moyo wake ulikuwa mwepesi, maana kwenda kuomba msamaha hakuhitaji daktari.

"Nyie wawili," akasema Fusi kutoka jikoni, "mkichanganywa akili zenu hazitoshi mtu mmoja!" Lakini kisha akafuta mikono. "Haya, nendeni. Nendeni kwa wifi. Tena leo hii."

Setaleki alishangaa mkewe kukubali upesi vile. Hakujua kwamba mwanamke yule amepigana na sukari ya mumewe miaka yote bila jeshi, na sasa ameliona jeshi.

Wakaenda kwa gari la Kitione, nyuma amefungwa kitoto cha nguruwe. Setaleki alijifunga kiunoni mkeka mkuukuu uliotatuka, wa mtu anayejishusha, akateremka na kuketi chini uwanjani kwa dada yake, kichwa ameinamisha, kiatu ndani ya shuka mapajani. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, kwenye kiti chake, alikaa Kalolaine, gauni limefunika mpaka sakafuni, mgongo umenyooka. Kwa kuwa mkosaji hajisemei, Kitione akakohoa akaanza.

"Ewe dada mkubwa, pambo la ukoo, sisi tumekuja tukiwa vumbi. Wala si vumbi la juu, ni lile la chini, linalokanyagwa na vumbi jingine. Ndugu yako amekosa. Macho yake yalikosa, mguu wake ukafuata. Nguruwe tuliyemleta ni mdogo, lakini toba yetu..."

Nguruwe akapiga ukelele mrefu wa kutoboa masikio.

"Kitione," akasema Kalolaine, "huyo amesema vizuri kuliko wewe. Pumzika. Mwambie mdogo wangu aingie."

Setaleki akainuka. Mlangoni akavua ndala kama kawaida, akaingia na kitambaa chake mguuni, akatafuta mahali pa kuketi mbali, karibu na ukuta. Akaweka kile kifurushi chini, akakisukuma mbele kwa ncha za vidole.

"Dada, nimekukosea."

"Kitione," Kalolaine akaita bila kugeuza macho, "kamwoneshe nguruwe bahari."

"Bahari?"

"Nenda!"

Wakabaki wawili. Setaleki hakukumbuka lini mara ya mwisho alikuwa chumbani na dada yake peke yao. Labda hawakuwahi. Tangu utotoni walikuwa wakipishana kwa adabu, yeye akiingia mlango huu, dada anatokea ule, salamu zinapitia kwa watoto. Alimpenda mno dada yake na hakuwahi kumwambia, kwa sababu mambo kama hayo nayo hayasemwi.

"Nitazame," akasema Kalolaine. Akashika pindo la gauni, akalipandisha mpaka kwenye kifundo.

Setaleki akageuza uso ukutani mbio. "Dada! Siwezi!"

"Nimesema tazama."

"Si adabu, dada, nitapata..."

"Nani mkubwa hapa?"

Akatazama. Mguu wa kulia wa dada yake ulikuwa na vidole viwili. Palipokuwa na vingine pamebaki kovu laini, linang'aa kidogo, limeshonwa vizuri. Setaleki aliutazama mguu ule, akasahau hata kufumba mdomo.

"Uliambiwa nimekwenda Auckland kulea mjukuu," akasema Kalolaine.

"Ndiyo. Tukakutumia na viazi vikuu."

"Vilifika, nashukuru. Nilivilia kitandani hospitali. Nilikuwa na kidonda kidogo hivi, cha kiatu cha kanisani. Hakikuuma, nikakiacha. Kilipofika mfupani wakakata kidole, wakakata cha pili, wakakata cha tatu." Akashusha pindo. "Vidole vyangu vitatu viko kule mpaka leo. Katika ukoo wetu hao ndio wa kwanza kupata uraia."

Kicheko kilimpanda Setaleki kooni na kilio nacho kinapanda, na mbele ya dada mtu hatoi hata kimoja. Akajikaza. Akamwona dada yake mabega yanatikisika. Kalolaine alikuwa anacheka! Basi Setaleki akashindwa, akaangua kicheko, na machozi yakaja yaleyale, wakacheka ndugu wawili wale hadi wakahema, kila mmoja akitazama ukuta wake.

"Nilipokuta ndala yako ya bluu imebaki mlangoni na kiatu changu hakipo, nilijua," akasema Kalolaine alipopata pumzi. "Kiatu kile ni jiwe la kusagia. Mwenye mguu mzima angegundua kabla ya ngazi ya chini. Nikasema, mdogo wangu mguu umekufa, kama wangu. Nikakaa hapa kukungoja. Kila gari likipita, nachungulia. Nikasema huyu anaoza huko kwake, tena kwa adabu kabisa."

"Si ungeniita, dada."

"Ningekuitaje? Nimwite kaka wa watu nimwambie nioneshe unyayo wako? Na wewe ungekuja?"

"Nisingekuja."

"Ndiyo hivyo. Mimi nimenyamaza kwa heshima, na heshima imenila vidole vitatu. Hata nyumbani kwangu mwenyewe natembea peku nisionekane nina viatu vya mgonjwa, na madaktari wamenikataza. Na wewe umenyamaza kwa nini?"

Setaleki akafikiri uongo. Hakuupata. "Kwa woga," akasema. "Latai anaolewa. Nilitaka kucheza. Nikaona nikienda watanikata, atachezea nani nyuma yake?"

Kalolaine akachukua kile kifurushi, akafungua shuka, akakitazama kiatu kilichooshwa hadi kimechakaa. Akakivaa palepale, ndani ya nyumba, juu ya mkeka, akafunga mikanda yake.

"Umekuja kuchukua msamaha?"

"Ndiyo, dada."

"Hapa sina. Nimeupeleka kliniki, kwa nesi Temaleti. Nenda kauchukue kule. Leo. Na kila atakachokwambia Temaleti, nimesema mimi."

Hapo hapakuwa na la kujadili. Kitione alikuwa amejibanza nyuma ya pipa la maji na nguruwe wake, amesikia yote, ana machozi na yeye. Alitia gari moto bila kuulizwa. Nguruwe alikwenda nao mpaka kliniki, pale hospitalini, kwa sababu katika haraka ile hakuna aliyekumbuka kumshusha.

Temaleti alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ya kamanda. Alifungua kitambaa, akatazama, akauma midomo. Kisha akatoa kijiti chenye uzi mgumu kwenye ncha.

"Nitakugusa unyayo, Mzee Setaleki. Ukihisi, sema ndiyo."

"Ndiyo."

"Sijagusa."

"Aa. Basi ndiyo sasa."

"Bado. Fumba macho, unaniangalia mkono."

Akafumba. Akangoja kwa muda, akaona aibu kukaa kimya kama asiyejua jibu. "Ndiyo!" akasema kwa uhakika.

"Baba," akasema Temaleti taratibu, "nimeshamaliza miguu yote miwili zamani. Naandika."

Setaleki akafumbua macho. Mzaha ukamtoka. Alikuwa amesema ndiyo gizani, na hapakuwa na mtu. Alihisi hofu ya kweli, hofu ya mtu aliyegundua kwamba nusu yake imeondoka bila kuaga. Akaanza kulia, naye hakuona haya tena.

"Usilie, umekuja," akasema Temaleti. "Mfupa bado mzima. Ungekaa wiki nyingine, tungezungumza habari za goti." Kisha, kwa kuwa alikuwa na kazi nyingi, akampa vidonge vyake, vya aina zote mbili: vile vya kumeza, na vile vya kumweleza ukweli kuhusu chai yake, mbavu za kondoo, na kava ya kukaa siku nzima. Akamweleza kwamba sukari ndiyo iliyomla hisia za miguu, na ndiyo inayotoboa mishipa midogo nyuma ya macho. Jua halina kosa.

Alilazwa. Walisafisha kidonda, wakamtundikia maji ya dawa, wakapigania kidole gumba mpaka kikabaki. Daktari wa macho alipopita visiwani alimpiga miale machoni kuziba ile mishipa iliyokuwa inavuja, akamwambia alichokwisha kupoteza hakirudi chote, ila kilichobaki kitatunzwa. Fusi alimletea samaki na majani, sukari akaificha mahali ambapo hata yeye baadaye ilimchukua muda kupakumbuka. Na siku ya kumruhusu, Temaleti akamtolea viatu vyeusi, vipana, vya soli nene, mikanda miwili miwili.

"Hivi navijua," akasema Setaleki.

"Usitembee peku tena. Nje wala ndani."

"Nje sawa."

"Na ndani."

"Binti, wewe mama yako Mtonga kweli? Niingie nyumba ya watu na viatu? Nikanyage mikeka?"

"Mguu wako hauna macho, Baba. Sindano ya kushonea, kipande cha ganda, chochote, hautakwambia. Ndani na nje. Na harusini unacheza wimbo mmoja tu. Ukianza wa pili, nakuja kukutoa mwenyewe mbele ya bwana harusi."

Wimbo mmoja! Setaleki alitoka pale amebeba wimbo wake mmoja kama yai. Lakini usiku na mchana swali likamkaa: atauchezea wapi? Karamu iko nyumbani kwa Kalolaine, na uwanja wa ngoma umetandikwa mikeka myembamba, ile ya wazee, laini kama kitambaa, iliyofumwa na mikono ambayo imeshazikwa. Hapo hapajawahi kukanyagwa na kiatu. Avue, apoteze mguu. Asivue, amdhalilishe dada yake mbele ya koo mbili. Akamwambia Fusi, na Fusi akavigeuza vile viatu huku na huku, akavirudisha mlangoni.

Siku ikafika. Ngazi za nyumba ya Kalolaine zilijaa ndala, rundo la kimo cha mtoto. Ndani kwaya imeanza, Latai amesimama katikati ya mikeka anang'aa mafuta toka mabegani hadi viganjani, ananyoosha mikono, watu wanapiga makofi na kutazama mlangoni. Kila mtu alijua nani atatokea. Setaleki alikuwa mlangoni, na shada la majani shingoni, na kidonda kimefunga. Akatazama mikeka. Akatazama viatu vyake. Akainama, akashika mkanda wa kwanza, akaufungua nusu. Alimkumbuka Temaleti, akaufunga tena, akajirudisha nyuma hatua moja.

"Nitatazamia dirishani," akamnong'oneza Fusi. "Kitione anaweza kuruka."

"Kitione hawezi hata kuruka dimbwi," akasema Fusi.

Kitione, aliyekuwa karibu na kwaya, alimwona mwenzake anarudi nyuma, naye akakaa chini kusudi, mikono kifuani, akagoma. Makofi yakaanza kulegea. Latai alimtafuta baba yake kwa macho, mikono bado inaelea, tabasamu limeanza kumtoka.

Ndipo Kalolaine akainuka kwenye kiti chake cha heshima. Akashika gauni kwa mikono miwili, akalipandisha juu ya vifundo watu wote waone, akatoka ukumbini katikati, juu ya mkeka wa bibi yake mzaa baba, na miguuni alikuwa na viatu vyeusi, vya soli nene, mikanda miwili miwili. Kwaya ilikata pumzi. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi alisema "Lo!" akajiziba mdomo. Kalolaine akasimama pale, akakanyaga mara mbili, du, du, kwa makusudi. Akawatazama wote, mmoja mmoja, kama anayeuliza nani ana neno.

"Setaleki," akaita, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele za watu. "Ingia. Na viatu vyako."

Akaingia. Aliingia kwa kuruka, amelegeza magoti, amekodoa macho, shada limemgeukia mgongoni, na nyumba nzima ikalipuka. Alizunguka nyuma ya Latai kama kuku aliyekatiwa kamba, akajifanya anaanguka, akajifanya anashikwa na ukuta, akapiga soli zile nene sakafuni kwa kishindo kuliko ngoma. Latai katikati alibaki mtulivu kama inavyotakiwa, ila machozi yalimtiririka juu ya mafuta. Setaleki hakuihisi mikeka chini ya miguu yake. Aliwahisi watu wote.

Wimbo ukaisha, kwaya ikadaka wa pili. Kutoka pembeni Temaleti akainua kidole kimoja. Setaleki akasimama mguu ungali hewani, akamtazama dada yake, dada yake akamtazama Temaleti, akamwonesha mdogo wake kiti. Akakaa. Akaletewa kinywaji cha tikiti maji chenye sukari tele, Fusi akakinywa kabla hakijamfikia.

Jua lilipoinama watu wakaanza kuondoka, na ikaanza ile vurugu ya kila siku ngazini: watu wazima wameinama kwenye rundo, hii yangu, si yako, yangu ina alama, nani kachukua ya kushoto? Kitione baadaye alionekana anakwenda zake na ndala mbili za kushoto, moja nyekundu. Setaleki na Kalolaine waliwapita wote wale, kila mmoja na viatu vyake miguuni, wakateremka ngazi polepole, dada mbele akisindikiza, mdogo nyuma.